Eti ni mgongo tu, Mjomba!

Wiki jana tulicheka sana habari ya akina kaka wanaoazima suti kwenda harusini. Ujumbe wenu nimeupata, matusi nimeyapokea, sifa nimezikunja nimetia mfukoni. Leo naomba tupunguze kelele kidogo. Nataka kuzungumza na akina baba, na akina mama wanaolala nao kitanda kimoja, na sisi vijana tunaotumwa famasi kununua dawa bila kuuliza. Utani utakuwepo, maana bila utani mambo haya hayasemeki, ila jambo lenyewe si la utani hata kidogo.

Nina mjomba wangu, kaka yake mama, seremala wa Temeke. Nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yakaja yale ya kumfanya mtu aongee taratibu nyumbani, yeye ndiye aliyenichukua karakanani kwake. Akaniambia, "Mjomba, shika huo ubao." Si mnajua sisi watu wa pwani, mjomba na mpwa wote wanaitana mjomba. Basi nikaushika. Useremala sikuuweza, nikaishia kuandika magazetini, lakini kila nikikosa nauli au chakula cha mchana nilijua pa kwenda.

Katikati ya mwaka 2024 Mjomba akaanza kulalamika mgongo. Nani angeshangaa? Mtu ana miaka sitini na nane, arobaini kati ya hiyo ameinamia randa, mgongo usiume una nini? Yeye mwenyewe ndiyo ilikuwa hoja yake. "Ni mgongo tu huu, ni mbao za mninga." Kila ukimuuliza, ni mgongo tu.

Kazi yangu mimi ikawa kutumwa. "Mjomba, hebu pita hapo famasi." Napita, nanunua vidonge vya maumivu. Wiki hii vidonge, wiki ijayo dawa ya kuchua, mwezi ujao vidonge vikali zaidi. Zahanati moja ya mtaani ikampiga sindano na kumwambia ni uzee. Mtaalamu mmoja wa mitishamba akamwambia ni ngiri, akamuuzia chupa ya maji meusi kama kahawa. Mjomba akanywa yote, mgongo ukabaki palepale.

Sasa jamani, nataka niwe mkweli, kwa sababu hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Kuna vitu viwili nilikuwa naviona nikavinyamazia. Cha kwanza, usiku Mjomba alikuwa anatoka kwenda kukojoa mara tano, mara sita, na akifika huko anakaa mpaka unadhani amelala. Cha pili, ule mgongo haukuwa na tabia ya mgongo wa kazi. Mgongo wa kazi ukiulaza unapumzika. Huu ulikuwa mkali zaidi usiku, amelala kitandani, hajanyanyua kitu. Nilipokuwa nalala kwake nilimsikia anaguna mpaka alfajiri. Nikasema, mambo ya wazee hayo, mimi nani?

Basi bwana, mwezi Mei 2025 asubuhi moja nikaitwa. Nakuta Mjomba ameketi ukingoni mwa kitanda, jasho linamtoka, ananiangalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Akaniambia, "Mjomba, mimi nimeamka, ila miguu imelala." Alikuwa haiwezi kuinyanyua. Mkojo nao ulikuwa umegoma tangu usiku. Tukampakia kwenye Bajaji, mimi huku, jirani kule, mpaka hospitali.

Daktari aliyetupokea alikuwa dada mdogo, pengine ananizidi miaka mitatu. Akamwamkia shikamoo, akamwekea mpira wa mkojo, akambinya mgongo mfupa mmoja mmoja. Akamgusa nyayo na kijiti, akimuuliza anasikia au hasikii. Halafu akavaa glavu na kumweleza kwamba anataka kuipima tezi dume kwa kidole, kupitia njia ya haja kubwa. Lo! Mjomba akanitazama mimi, akatazama ukuta, akasema, "Mwanangu, hapana." Yule dada hakukasirika. Akamjibu, "Baba yangu, aibu yake ni ya dakika moja. Mimi nahangaikia miguu yako." Kikapimwa. Kweli haikuzidi dakika.

Akasema tezi ni ngumu kama jiwe. Damu ikachukuliwa kupima kitu kinaitwa PSA, ambayo kwa mtu mzima asiye na tatizo huwa ni namba ndogo, mara nyingi chini ya nne. Ya Mjomba ilipita mia tano. Picha za mgongo zikaonyesha madoa kwenye mifupa ya uti wa mgongo na nyonga, na sehemu moja mfupa umeanza kuikandamiza ile kamba ya mishipa ya fahamu inayopita katikati ya mgongo. Kinyama kikachukuliwa kwenda kuthibitisha. Lakini daktari hakusubiri majibu ya kinyama, siku ileile alimwanzishia sindano za kupunguza uvimbe kwenye hiyo kamba. Baadaye majibu yalikuja vilevile: kansa ya tezi dume, imeshafika mifupani.

Ngoja niwaeleze kama nilivyoelezwa mimi, tena mara mbili, maana mara ya kwanza masikio yalikuwa yanavuma. Tezi dume kila mwanamume anayo, iko chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Umri ukienda hukua, ndiyo maana wazee wengi mkojo huwasumbua. Kukua si lazima iwe kansa, wengi wao si kansa. Lakini ikiwa kansa, na ikiachwa, chembe zake huingia kwenye damu na kusafiri, na mahali inapopenda kuhamia ni mifupani: mgongo, nyonga, mbavu. Mzee anasema mgongo, anasema nyonga, anasema baridi yabisi, kumbe chanzo kiko chini ya kibofu.

Nikauliza, sasa hii si imekuwa kansa ya mifupa? Hapana. Yule daktari akanichekesha bila kutaka. Akasema Mndengereko akihamia Mwanza hageuki Msukuma. Kansa hii hata ikikaa mgongoni inabaki ya tezi dume, na chakula chake ni kilekile. Chakula chenyewe ni homoni ya kiume, testosteroni, ambayo sehemu kubwa inatengenezwa kwenye korodani. Ukikata chakula, kansa inasinyaa. Hili si jambo jipya. Mwaka 1941 huko Chicago, madaktari Charles Huggins na Clarence Hodges walionyesha kwamba ukiiondoa homoni hiyo, wagonjwa wa namna hii wanapata nafuu. Huggins akaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mpaka leo, pamoja na dawa zote mpya, msingi wa tiba ni uleule.

Haya, hapo ndipo palipokuwa na kasheshe yenyewe. Maana njia za kukata hicho chakula ni mbili. Moja ni sindano, inachomwa kila mwezi au kila miezi mitatu, kwa muda wote uliobaki. Ya pili ni upasuaji mdogo wa kuondoa korodani zote mbili, mara moja basi. Nguvu ya njia hizo ni sawa. Daktari akamshauri Mjomba upasuaji, tena haraka.

Wee! Mjomba alikuwa amelala hana miguu, lakini sauti alikuwa nayo. "Mimi nihasiwe? Mimi ni maksai? Nimekuja mnitengenezee miguu, mnataka kunitoa na kingine? Niliingia duniani na vyangu, nitatoka navyo!" Wodi nzima ikageuka. Mzee wa kitanda cha jirani akaitikia, "Sema baba."

Kikao cha ukoo kikakaa jioni hiyohiyo, nje, chini ya mwarobaini. Kaka yake mkubwa akasema katika ukoo wao hajasikia mwanamume wa kukatwa. Rafiki zake wa kijiwe cha drafti wakaleta jina la mganga wa Bagamoyo. Mwingine akasema apelekwe India. Nauli ya India nani anayo? Hakusema. Watu wazima kumi na wawili tulikaa pale, na hakuna hata mmoja aliyetamka neno kansa. Wote tulikuwa tunasema "hili tatizo" na "hali yake".

Nikawaacha, nikaenda kumtafuta yule daktari kwenye korido. Nikamuuliza, kwa nini asipewe hiyo sindano tu, heshima yake ikabaki? Akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia kijiweni. Kwanza, sindano inafanya kazi ileile ya kisu. Homoni inashuka vilevile, hamu inashuka vilevile, tofauti ni kwamba kisu watu wanakiona na sindano hawaioni. Pili, sindano zile zinazotumika sana zina tabia ya kuipandisha homoni kwanza kwa siku kadhaa kabla ya kuishusha. Ndiyo maana mgonjwa hutangulizwa vidonge vya kuizuia. Kwa mtu ambaye kansa imeshakandamiza mishipa ya mgongoni, kupanda huko hata kwa siku chache ni hatari. Ipo sindano ya aina nyingine isiyopandisha, lakini pale haikuwepo. Upasuaji, akasema, unaishusha homoni ndani ya saa chache. Tatu, sindano ni gharama isiyo na mwisho. Nikaifikiria karakana ya Mjomba na madeni ya wateja wake, nikanyamaza.

"Na asipokubali?" nikauliza.

"Mgonjwa anayefika bado miguu ina uhai kidogo, tukiwahi, wengi wanaendelea kutembea. Miguu ikishakufa kabisa na siku zikapita, huwa hairudi. Mjomba wako bado vidole vinacheza. Vinacheza leo."

Halafu nikamuuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu asubuhi. "Akikubali, atapona?"

Akaweka faili chini. "Kupona kabisa, hapana. Ikishafika mifupani hatuitoi yote. Kutibika, ndiyo. Wapo wanaoishi miaka, wanatembea, wanafanya kazi. Lakini lazima tuanze."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipojua kwamba kupona na kutibika ni vitu viwili. Sisi mtaani tumevichanganya. Tukiambiwa ugonjwa hauponi tunaambiana basi, mrudisheni nyumbani akapumzike. Tukiambiwa unatibika tunataka mtu aamke kesho anacheza mpira. Katikati ya hapo kuna miaka ya mtu, na tunaitupa kwa sababu hatuna jina lake.

Aliyemaliza mgogoro si kaka mkubwa wala si mimi. Ni mkewe Mjomba, ambaye sisi wapwa tunamwita Anti. Alikuja asubuhi na uji kwenye chupa ya chai, akawatoa wanaume wote nje. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nimeshika kikombe, nadhani alinisahau. Akaketi kitandani, akaanza kumnywesha, hasemi kitu. Kikombe kilipofika nusu akasema, "Baba watoto, hicho kitanda cha nyumbani ulikichonga mwenyewe. Tumelala humo miaka thelathini na tisa, watoto watano wametoka humo. Hizo unazozililia zimeshafanya kazi yake, nami ndiye shahidi. Mimi sasa hivi nataka mtu wa kulala naye, nigeuke usiku nimkute. Kaka yako hatakuja kulala na mimi."

Mjomba akavuta shuka, akajifunika uso. Mabega yakawa yanatikisika. Mimi nikatazama dirishani. Baada ya muda sauti ikatoka chini ya shuka, "Leteni hiyo karatasi nisaini."

Upasuaji wenyewe haukuchukua hata saa nzima, kwa ganzi ya palepale. Na akina baba niwaambie jambo ambalo nililiona kwenye nyuso zenu mnaposoma hapa: mfuko wenyewe unabaki, wala mtu akipita barabarani huwezi kumjua.

Baada ya hapo tukapelekwa Ocean Road kwa mionzi. Mnaifahamu Ocean Road, lile jengo la tangu enzi za Mjerumani, bahari iko ng'ambo ya barabara. Mjomba alipangiwa mionzi siku tano mfululizo, ielekezwe pale mgongoni palipokandamizwa. Yeye alidhani mionzi ni moto, utamchoma. Haichomi, haiumi, unalala kwenye meza dakika chache, mashine inavuma, umetoka. Kwa mtu ambaye mfupa unamuuma tu na mishipa haijakandamizwa, mara nyingine hupigwa mara moja basi, na maumivu hupungua ndani ya wiki chache.

Tukiwa kwenye benchi huko ndipo habari zikaja kwenye simu ya mtu kwamba Joe Biden, aliyekuwa Rais wa Marekani mpaka Januari 2025, ametangazwa kuwa na kansa ya tezi dume iliyofika mifupani. Benchi lote likanyamaza. Mjomba akauliza, "Yule mwenye ndege yake?" Nikamwambia ndiye. "Na madaktari wake wote wale?" Ndiye, Mjomba. Akafikiri kidogo, akasema, "Naye kakatwa?" Nikamwambia hilo halikutangazwa. Akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu miguu ilale, na wazee wenzake pale benchini wakacheka naye, kila mmoja na kiti chake au gongo lake.

Wiki ya tatu alisimama. Mwezi wa pili akatembea na gongo alilojichongea mwenyewe, kwa sababu lile la kununua alisema limechongwa na mtu asiye na adabu. PSA ikashuka kutoka mia tano na kitu mpaka ikawa namba ya kuhesabika kwa vidole.

Lakini nisiwadanganye kwamba ni mteremko. Homoni ikiondoka, mwili unalalamika. Mjomba alianza kuwaka moto ghafla, jasho linamtoka katikati ya maongezi, anavua shati, anavaa, anavua tena. Anti alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa umenijua! Mimi nilipokuwa nawaka miaka ile ulisema nadeka!" Alichoka haraka, akaongezeka tumbo, kifua kikawa laini na kinauma. Hasira na huzuni zilimpanda bila sababu. Haya yote yanatokea kwa wengi, kwa kisu na kwa sindano, na daktari anapaswa kuambiwa maana mengine yana dawa.

Na lile jambo la chumbani, ambalo najua ndilo mnalotaka kuuliza? Nilimuuliza, maana mjomba na mpwa wana utani wao. Akanijibu taratibu, "Mjomba, nilidhani nitabaki nalilia kitu. Kumbe hamu yenyewe ndiyo inayoondoka, sasa nalia nini? Kinachonisumbua ni kwamba mara nyingine nampitia kwenye kioo yule mtu niliyekuwa, nataka kumwamkia." Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo. Anti anasema usiku akigeuka anamkuta, na yeye kwake hesabu imetimia.

Mifupa nayo inataka uangalizi. Kansa inaila, na kukosa homoni kunaidhoofisha zaidi. Kuna dripu ya kuimarisha mifupa, inaitwa asidi ya zoledroniki, ila kabla ya kuwekewa lazima meno yaangaliwe na figo zipimwe, maana dawa hiyo inaweza kuleta matatizo ya taya kwa mtu mwenye meno mabovu. Mjomba aling'olewa mawili kwanza, akalalamika kwamba kila akija anaacha kitu hospitali. Aliambiwa atembee kila siku, asinyanyue mbao, asiangukeanguke. Mazoezi ni sehemu ya tiba.

Kisha kuna suala la dawa za kuongezea. Zamani mtu aliondolewa homoni, basi, wakasubiri. Shida ni kwamba kansa hii ina ujanja, baada ya muda inajifunza kuishi na chakula kidogo na inaamka tena. Tangu utafiti mkubwa uliotolewa kati ya mwaka 2015 na 2017, madaktari wanajua kwamba ukiongeza dawa nyingine mapema, bila kusubiri iamke, wagonjwa wengi wanaishi muda mrefu zaidi. Moja ni docetaxel, dripu ya kemikali. Nyingine ni abiraterone, vidonge vya kila siku vinavyokwenda pamoja na prednisolone. Mjomba alipangiwa dripu, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Nywele zikamtoka, na masharubu, ambayo aliyalilia kuliko kile kingine. Masharubu yamerudi, meupe. Kwa nchi zenye uwezo ziko pia dawa za mionzi zinazochomwa kwenye mshipa na kuifuata kansa huko ilikojificha. Lakini mwenye sita asitazame mia ya jirani, aanze na zilizopo.

Jambo jingine ni morfini. Mjomba alipopewa ile ya maji aliikataa, akasema hiyo ni ya watu wanaokufa, tena ni unga. Nesi mmoja mtu mzima akamkalia kitako. Akamwambia morfini ni ya watu wanaoumia, na mtu anayeinywa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu ya kansa si teja. Inafunga choo, kwa hiyo unapewa na dawa ya kulainisha. Usiku ule Mjomba akalala mpaka asubuhi. Anti akaamka mara tatu kumsikiliza kama anapumua, maana ukimya ule alikuwa ameusahau.

Sasa akina baba, nimalizie na ninyi. Mzee wa miaka hamsini na kuendelea, nenda kazungumze na daktari kuhusu kupima. Kama baba yako au kaka yako aliwahi kuugua, usingoje hamsini, nenda ukiwa na arobaini na tano au hata kabla, maana ugonjwa huu unafuata damu, na sisi weusi unatuandama zaidi. Usidanganyike kwamba huumwi, maana mwanzoni hauumi, na huo ndio wakati unaoweza kupona kabisa. Rais wetu wa wakati ule, Jakaya Kikwete, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume kule Johns Hopkins, Marekani, Novemba 2014, akarudi akamaliza kipindi chake. Hakuficha, nasi tusifiche. Wanawe Mjomba watatu wameshakwenda. Yule wa kwanza alijitia kuwa na safari, Anti akamfuata mpaka stendi.

Na wewe ambaye tayari una mgongo usiolala usiku, nyonga inayouma bila kuanguka, mkojo wa kusuasua, usiniambie ni mgongo tu. Miguu ikianza kufa ganzi, au mkojo ukigoma ghafla, hiyo ni ya siku ileile. Usingoje Jumatatu, usingoje kikao.

Na kwako kijana mwenzangu unayetumwa famasi: ukitumwa mara ya tatu kwa maumivu yaleyale, rudi mikono mitupu umwambie mzee twende hospitali. Atakutukana. Mimi natamani ningetukanwa mwaka mzima kabla ya ile asubuhi.

Mjomba sasa yuko karakanani, ameketi kwenye kiti, anawafokea vijana wake kwa gongo. Nilimwomba ruhusa niandike habari hizi. Akafikiri, akasema, "Andika. Ila usiwaambie nimepona, watakuja kudai fenicha zao zote kwa mpigo. Na usiwaambie nakufa, hawatanilipa."

Basi nimeandika. Anayedaiwa na fundi yule wa Temeke apeleke, kliniki ijayo inakaribia na nauli inahitajika. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tunarudi kwenye suti za kuazima.